Mlevi ni mgonjwa, lakini wajibu ni wake

Wahenga walisema kuwa msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hii ndiyo hukumu ambayo jamii yetu humtolea mlevi kila uchao. Hakuna aliyemshika mkono akampeleka kilabuni, wala hakuna aliyempanua kinywa akammiminia. Basi akifutwa kazi, akikimbiwa na mkewe au akiokotwa mtaroni alfajiri, huambiwa kuwa amejitakia. Upande wa pili wako wanaodai kwamba ulevi ni ugonjwa kama pumu au kisukari, na kwamba mgonjwa hastahili lawama. Mjadala huu husikika katika vyumba vya walimu, katika mabweni ya vyuo, mahakamani, makanisani na misikitini, na aghalabu kila upande huondoka na msimamo uleule ulioingia nao.

Lugha yetu yenyewe haikukata shauri. Kitenzi lewa kina sura ya kutendwa, kana kwamba kuna kitu kilichomtenda mtu. Na kwa hakika twasema kuwa pombe imemlevya fulani. Lakini nomino tuliyoiunda ni mlevi, yenye kiambishi tamati -i ambacho hutumika kwa watendaji: mpishi, mlinzi, mwizi. Hatukumpa umbo la mfungwa au mtumwa, ambao ni watu waliotendwa. Katika kitenzi ametendwa, katika nomino ametenda. Nadhani lugha imeliona jambo ambalo sisi wasemaji wake hulisahau, nalo ni kwamba pande zote mbili zina ukweli. Namna pande hizo zinavyoweza kukaa pamoja katika kifua cha mtu mmoja inaonekana wazi katika maisha ya Mmarekani Bill Wilson, mwasisi mwenza wa chama cha walevi walioacha pombe, aliyefariki mwaka 1971.

William Griffith Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alizaliwa katika hoteli ndogo ya nyanya yake, katika chumba kilichokuwa nyuma ya baa. Pombe haikuwa ngeni katika ukoo huo. Babu yake mzaa baba alikuwa mlevi aliyeacha kunywa baada ya kuokoka, na baba yake, Gilman, alikuwa mpenzi wa chupa. Bill alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, baba aliihama familia akaenda kutafuta maisha magharibi mwa Kanada. Mama naye akaenda Boston kusomea tiba. Kijana na dada yake, Dorothy, wakaachwa mikononi mwa babu na nyanya wa upande wa mama.

Kutoka utotoni humo linasimuliwa tukio moja linalotufunulia tabia yake. Babu yake alimwambia kuwa hapana mtu awezaye kuunda bumerangi, lile gongo la kuwindia ambalo likirushwa humrudia mrushaji, isipokuwa wenyeji wa Australia. Kijana akajifungia kwa miezi kadhaa, akachonga na kupasua mbao hata akaiunda iliyoruka na kurudi. Tangu siku hiyo aliamini kwamba hakuna jambo lisilowezekana mtu akikaza nia. Imani hiyo humfaa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Kwa Bill ilikuja kuwa mtego.

Mwaka 1912, akiwa bado shuleni, msichana aliyempenda alifariki ghafla baada ya upasuaji. Bill alizama katika majonzi na masomo yake yakayumba. Majonzi ya namna hiyo yalimrudia tena na tena katika maisha yake. Kwa muda mrefu aliihofu pombe, kwa maana aliijua historia ya ukoo wake. Hofu hiyo iliyeyuka mwaka 1917. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, naye alikuwa afisa mdogo wa kikosi cha mizinga karibu na mji wa New Bedford, Massachusetts. Matajiri wa mji waliwaalika maafisa majumbani mwao. Kijana huyo wa kijijini, mwenye haya na asiyejua la kusema mbele ya wakubwa, alipewa kinywaji akakipokea. Haya ikamtoka. Kwa mara ya kwanza alijiona kuwa miongoni mwa wenzake.

Tukitie maanani kisa hicho, maana ndivyo waraibu wengi waanzavyo. Mtu haanzi kwa kutaka kuharibikiwa, bali kwa kutafuta dawa ya kitu kingine: haya, upweke, msiba, hofu ya kushindwa. Na dawa hiyo mwanzoni hufanya kazi. Laiti isingefanya kazi, nani angeirudia?

Tarehe 24 Januari 1918 Bill alimwoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, New York. Baada ya vita alirejea nyumbani mwaka 1919, akasomea sheria usiku huku akifanya kazi mchana. Pombe ikamkosesha shahada, asiwe wakili. Hata hivyo alikuwa na kipawa cha biashara. Mwaka 1925 yeye na mkewe walipanda pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakazunguka majimbo ya mashariki wakilala hemani, huku Bill akichunguza hali halisi ya kampuni mbalimbali na kupeleka taarifa kwa wanunuzi wa hisa. Watu wachache walikuwa wakifanya uchunguzi wa namna hiyo wakati huo. Taarifa zake zilileta faida, na kwa miaka michache alikuwa mtu wa fedha na fahari. Kisha soko la hisa la New York likaporomoka Oktoba 1929. Wengi walifilisika siku hizo, na baadhi yao wakainuka tena. Bill hakuinuka, kwa sababu kila alipopewa nafasi mpya chupa ilimtangulia.

Hapa ndipo tunapoikuta thamani ya viapo. Bill aliapa, na hakuapa kwa mdomo tu. Zaidi ya mara moja alimwandikia mkewe ahadi ya kuacha pombe ndani ya Biblia ya familia, akatia sahihi. Kila ahadi aliivunja. Mwaka 1932 wafanyabiashara waliotambua akili zake walimpa mkataba mnono wenye sharti moja, kwamba akionja pombe atapoteza kila kitu. Akatia sahihi kwa moyo mkunjufu. Muda si muda alikuwa katika hoteli moja huko New Jersey pamoja na wahandisi waliokuwa wakicheza karata na kunywa pombe kali ya matofaa. Walimkaribisha akakataa. Walimkaribisha tena akakataa. Usiku ulipoendelea alifikiri kuwa pombe ya aina ile hajawahi kuionja, na tone moja lingemdhuru nini? Alipozindukana siku zilikuwa zimepita, na mkataba ulikuwa umekufa.

Wakati huo waliishi katika nyumba ya baba mkwe, Lois akiuza bidhaa katika duka kubwa mjini ili wapate chakula. Walikuwa wamekosa watoto wa kuzaa, na juhudi zao za kupanga mtoto hazikufaulu kwa sababu ya sifa za Bill. Tunapoujadili ulevi kana kwamba ni jambo la mtu na chupa yake, inafaa tumkumbuke mwanamke huyo aliyekuwa akitoka kazini jioni asijue atamkuta mumewe sebuleni, kizingitini au hospitalini.

Kati ya mwaka 1933 na 1934 Bill alilazwa mara kadhaa katika hospitali ya Towns mjini New York. Huko alikutana na daktari William Silkworth, aliyekuwa amewatibu walevi wengi na kuwaona kwa jicho la huruma. Daktari huyo alishikilia kwamba ulevi wa namna hii si ukosefu wa maadili bali ni ugonjwa wenye pande mbili: mwili ambao ukiisha kuonja tone la kwanza huzidi kudai, alioueleza kuwa ni aina ya mzio, na akili ambayo haiachi kulirudia tone hilo la kwanza. Tiba ya leo haizungumzi tena juu ya mzio. Inazungumzia mabadiliko ya ubongo, urithi wa damu na mazingira ya malezi. Lakini kiini cha maelezo yake kilipata nguvu, na mwaka 1956 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka rasmi kuwa ulevi ni maradhi yanayostahili kutibiwa.

Bill alifurahi mno kuambiwa kuwa ni mgonjwa. Aliondoka hospitalini akiamini kwamba, maadamu sasa anajua, amepona. Sisi tunaoishi kwa kufundisha tusikipite upesi kifungu hiki cha maisha yake. Maarifa aliyokuwa nayo yalikuwa sahihi, tena aliyapata kwa bingwa, na hayakumzuia kunywa. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi kulekule. Kiapo kilikuwa kimemshinda, na elimu nayo ikamshinda.

Mwishoni mwa Novemba 1934 rafiki wa ujanani, Ebby Thacher, alimtembelea. Bill alimtegemea kuwa mwenzi wa kunywa, kwa sababu Ebby alikuwa mlevi aliyenusurika kufungiwa kwa ulevi wake. Alimsogezea bilauri ya gini, mgeni akaikataa. Ebby hakuja kuhubiri. Alieleza tu kuwa amejiunga na kikundi cha kidini, amekiri kasoro zake mbele ya mtu mwingine, ameanza kurekebisha aliyoyaharibu, na kwamba kwa sasa hanywi. Bill aliendelea kunywa kwa siku chache zaidi, lakini maneno ya mtu aliyepitia jahanamu ileile yalikuwa yamemwingia kuliko ya daktari na mke. Tarehe 11 Desemba 1934 alirudi hospitalini, na pombe aliyokunywa siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Akiwa kitandani, akiwa amekata tamaa kabisa, aliona chumba kimejaa nuru na moyo wake ukatulia. Wako wanaoueleza mwono huo kwa imani, na wako wanaoueleza kwa dawa alizokuwa amepewa. Alimwuliza daktari kama amepata wazimu. Silkworth akamjibu kuwa hakuwa mwendawazimu, na kwamba chochote alichokipata akishikilie.

Kwa miezi mitano iliyofuata Bill aliwaandama walevi wa New York akiwahubiria nuru yake, na hapana hata mmoja aliyeacha. Mkewe ndiye aliyemtanabahisha kuwa yupo mmoja aliyeacha, naye ni yeye mwenyewe. Mei 1935 alikwenda Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya kibiashara iliyovunjika. Akabaki peke yake hotelini akiwa na dola chache tu mfukoni, na baa ya hoteli ilikuwa pale pale mbele yake, vicheko na milio ya bilauri vikimwita. Kwa mara ya kwanza hakuutegemea ubingwa wa nia yake. Alitambua kuwa akikaa kimya peke yake atakunywa. Akaenda kwenye simu, akapiga kwa kasisi ambaye hakumjua, akaomba aelekezwe kwa mlevi yeyote wa kuzungumza naye.

Hivyo ndivyo alivyokutana na daktari Robert Smith, mpasuaji wa Akron ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na wagonjwa wake kumkimbia. Tarehe 12 Mei 1935 Smith alikubali kumpa mgeni dakika kumi na tano. Walizungumza kwa saa kadhaa, kwa sababu mgeni hakuja kumwokoa Smith, alikuja kujiokoa mwenyewe. Smith alianguka mara moja zaidi alipokwenda kwenye mkutano wa madaktari. Aliporudi, tarehe 10 Juni 1935, Bill alimpa chupa ya bia asubuhi ili mikono itulie, kwa kuwa alikuwa na upasuaji siku hiyo. Ilikuwa ndiyo pombe yake ya mwisho. Upasuaji ulikwisha, lakini Smith hakurudi nyumbani. Saa zikapita, na waliokuwa wakimngoja wakahofu kuwa yumo kilabuni. Alirejea jioni akiwa mzima kabisa. Alikuwa amezunguka mjini akiwatembelea wadai wake na watu aliowakosea, akikiri makosa na kuahidi kulipa.

Kwa maoni yangu, mzunguko huo wa daktari Smith una maana kubwa kuliko nuru aliyoiona Bill, na ndio jibu la mjadala tuliouanza. Smith alikuwa mgonjwa, na hakujificha nyuma ya ugonjwa. Hakuwaambia wadai wake kwamba deni ni la pombe. Ugonjwa hakuuchagua, lakini madeni yalikuwa na jina lake.

Kutokana na mkutano huo wa wawili kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiojitaja majina. Desemba 1938 Bill aliandika hatua kumi na mbili za mwenendo wao, na kitabu chenye hatua hizo kikachapishwa Aprili 1939. Ukizisoma kwa makini utaona mpangilio wake. Hatua ya kwanza humtaka mlevi akiri kuwa hana nguvu mbele ya pombe, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni kujivua lawama. Lakini zinazofuata humtaka ajikague bila huruma, aungame mbele ya mtu mwingine, aorodheshe wote aliowadhuru, kisha aende kuwalipa fidia, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungewadhuru zaidi. Kukiri unyonge ni mlango tu. Nyuma ya mlango huo kuna kazi nzito kuliko kiapo chochote.

Maisha ya Bill baada ya hapo hayakuwa mteremko. Mwaka huohuo wa 1939 yeye na Lois waliipoteza nyumba, wakakaa kwa marafiki karibu miaka miwili. Machi 1941 makala katika jarida mashuhuri ilikitangaza chama, na wanachama wakaongezeka kutoka 2,000 hivi hadi 8,000 hivi kufikia mwisho wa mwaka. Sifa zilipokuja alijizuia. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Yale kilitaka kumtunuku shahada ya heshima akaikataa, akijua kuwa kiburi ndicho kileo kilichotangulia vileo vingine. Mwaka 1955, katika mkutano wa St. Louis, uongozi wa chama ulikabidhiwa wanachama wenyewe. Mwaka 1951 Lois na wenzake walikuwa wameanzisha umoja wa familia za walevi, Al-Anon, uliowafundisha wake na waume kwamba kumpenda mlevi si kumfichia wala kumbebea matokeo ya matendo yake. Ebby Thacher, aliyemletea Bill ujumbe, aliirudia pombe mara nyingi. Bill hakumcheka wala hakumtupa, alimsaidia hadi Ebby alipofariki mwaka 1966.

Bill mwenyewe hakuwa malaika. Huzuni nzito ilimtesa kwa miaka mingi bila kunywa, na sigara hakuiacha hadi mapafu yalipokuwa yamekwisha kuharibika. Katika wiki zake za mwisho, akiwa mahututi, aliomba wiski zaidi ya mara moja, akanyimwa. Kuna wanaoona aibu kulitaja jambo hilo. Mimi naliona kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote. Uchu uliomshika mwaka 1917 haukuwa umekufa miaka 36 baada ya tone la mwisho. Asiyeuita huo ugonjwa atauita nini? Na bado kwa miaka hiyo yote 36 hakunywa, kwa kuwa kila siku alifanya lililokuwa katika uwezo wake: alimtafuta mwenzake akasema ukweli. Alifariki Miami tarehe 24 Januari 1971, siku alipotimiza miaka 53 ya ndoa, akazikwa East Dorset chini ya jiwe lisilotaja chama alichokianzisha.

Nasi tuna la kujifunza. Nchini Kenya mazungumzo yetu juu ya pombe huelekezwa kwa mpikaji, mwuzaji na serikali. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za kuuza na kupiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18. Watu walipokufa kwa pombe yenye sumu Mei 2014 na tena Kirinyaga Februari 2024, tulidai vilabu vifungwe. Hayo ni ya haki. Lakini sheria haiingii chumbani mwa mwalimu ambaye vipindi vyake hushikwa na wenzake kila Jumatatu, nao hudhani wanamsitiri. Wanamfichia hadi siku faili inapofunguliwa, ndipo huruma inapogeuka kuwa hukumu. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Na anayemfichia mwenzake maradhi hayuko mbali na lawama hiyo.

Mwenzetu wa namna hiyo hahitaji matusi, na hahitaji visingizio pia. Anahitaji mtu wa kumwambia kwa faragha kwamba hali yake ina jina na ina matibabu. Anahitaji hospitali, kwa maana mnywaji mkubwa akiacha ghafla bila uangalizi aweza kupatwa na kifafa na hata kufa. Anahitaji ushauri, na pengine kundi la waliopitia alipopita. Baada ya hapo wajibu ni wake: kusema ukweli, kukubali msaada, na kuwaendea aliowakosea, mke, watoto na wanafunzi waliokosa masomo. Akianguka, ainuke arudi palepale.

Nanyi wanafunzi, msidanganywe na mpangilio wa hekaya hii mkadhani kuwa kila anayeanguka huandikiwa kuinuka. Wengi waliokunywa pamoja na Bill walizikwa na ulevi wao. Tone la kwanza ndilo ambalo mtu hulikataa akiwa na uhuru wake kamili, na uhuru huo hupungua kwa kila bilauri inayofuata.

Kiswahili kina kitenzi kingine tunachokisahau, nacho ni levuka, kutokwa na ulevi. Hakina umbo la kutendwa. Ni kweli kwamba mtu hulevywa, na aweza kushikwa mkono na wengi njiani, lakini hapana awezaye kulevuka kwa niaba yake.